Kipuri cha msumeno mkuukuu kikivunjika: Tafuta chanzo kabla ya kuchomelea

Na MWANDISHI WETU

MLIO mmoja mkavu, kama wa kigae kinachopasuka, hutosha kusimamisha kazi katika karakana ya useremala kwa wiki nzima. Msumeno wa ukanda, ule ambao mafundi wengi huuita ‘bendiso’, unapovunjika kipuri, mbao husalia zimerundikana, wateja waliokwisha kulipa arubuni huanza kupiga simu, nao vibarua wanaotegemea ujira wa siku hurejea nyumbani mikono mitupu.

Si ajabu kukuta msumeno wa aina hii katika karakana za Gikomba jijini Nairobi, au katika mji wowote ule nchini, ambao umri wake unaushinda ule wa fundi anayeutumia. Mashine hizo zilitengenezwa ng’ambo miongo kadhaa iliyopita, zikauzwa na kuuzwa tena, na zingali zinapasua mbao kwa sababu viunzi vyake ni vya chuma kizito kisichochakaa upesi. Tatizo ni kwamba aliyezitengeneza huenda alikwisha kufunga kiwanda, au hatengenezi tena vipuri vyake.

Hapo ndipo wengi huteleza. Kipuri hupelekwa mbio kwa mchomeleaji wa jirani, kikaunganishwa kwa vijiti vya kawaida vya kuchomelea milango na madirisha, kikapakwa rangi na kurudishwa kabla ya adhuhuri. Baada ya siku chache huvunjika tena, mara nyingi kando tu ya pale palipounganishwa, na safari hii mtu akiwa amesimama mbele ya mashine.

Makala haya yanaeleza namna ya kukarabati kipuri cha msumeno mkuukuu kwa njia itakayodumu. Jambo la kwanza la kuzingatia ni hili: kipuri kilichovunjika ni shahidi. Kabla ya kukiunganisha, kiulize kilichokivunja.

Jinsi mashine inavyofanya kazi

Msumeno wa ukanda ni wazo la zamani. Mwingereza William Newberry alipewa hataza ya mashine ya namna hiyo mnamo 1809, lakini uvumbuzi wake haukufika mbali kwa kuwa hakuna aliyeweza kuunganisha ncha mbili za ukanda wa meno zikastahimili kupindwa mara kwa mara. Ilikuwa hadi 1846 ambapo Mfaransa, Bi Anne Paulin Crépin, alipata njia bora ya kuziunganisha. Kwa maneno mengine, historia ya mashine hii tangu mwanzo imekuwa historia ya kitu kinachovunjika na watu wanaotafuta namna ya kukiunga.

Muundo wenyewe ni mwepesi kuelewa. Kuna magurudumu mawili, moja juu na jingine chini. Ukanda wa chuma wenye meno huyazunguka yote mawili kama kamba ya kisima. Gurudumu la chini huzungushwa na mota kupitia belti. La juu halina mota. Kazi yake ni kuuvuta ukanda ubaki umekaza.

Ili liweze kuuvuta, gurudumu hilo la juu hushikwa na kipuri kinachopanda na kushuka katika mfereji uliochongwa kwenye kiunzi cha mashine. Katika makala haya tutakiita kibebeo. Chini yake kuna springi na skrubu ndefu. Fundi akikaza skrubu, springi hubanwa na kukisukuma kibebeo juu, nao ukanda hukaza. Kibebeo hicho pia huwa na bawaba inayomwezesha fundi kuliinamisha gurudumu kidogo mbele au nyuma ili ukanda usiteleze na kutoka.

Nguvu inayobebwa na kipuri hicho si ndogo. Chukua ukanda wenye upana wa milimita 12 na unene wa milimita 0.6. Ili ukate mbao bila kuyumba, ukanda wa chuma cha kawaida huhitaji mvuto wa takriban kilo 10 kwa kila milimita mraba ya chuma hicho. Hiyo ni kama kilo 72 upande mmoja, na kilo nyingine 72 upande wa pili. Jumla yake ni kilo 144, ambazo ni zaidi ya gunia moja na nusu la mahindi la kilo 90, zikining’inia kwenye kibebeo kimoja kinachotoshea mkononi.

Isitoshe, uzito huo hauning’inii katikati. Gurudumu limetokeza kando, kwa hivyo kibebeo hakivutwi tu bali pia hupindwa, kama mkono wa mtu aliyebeba ndoo ya maji akiwa ameunyoosha mbali na mwili.

Halafu kuna kasi. Katika msumeno wenye magurudumu ya inchi 14, ukanda huenda kwa takriban mita 15 kila sekunde. Hiyo ni kilomita 54 kwa saa, zaidi ya kasi ya kilomita 50 inayoruhusiwa magari mijini. Ukanda huo hupita sentimita chache tu kutoka kwa vidole vya anayesukuma ubao.

Kwa nini kipuri huvunjika

Muundo wa inchi 14 unaojulikana zaidi duniani ulianza kuuzwa na kampuni ya Delta ya jijini Milwaukee, Marekani, katika miaka ya 1930. Viwanda vingi, hasa vya Taiwan, viliuiga baadaye, na ndiyo maana mashine zenye majina tofauti hufanana kama mapacha. Katika nyingi za mashine hizo, kibebeo cha gurudumu la juu kilitengenezwa kwa aloi ya zinki au kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Mafundi wengi waliowahi kuzifungua wanafahamu kwamba hapo ndipo penye udhaifu.

Hata hivyo, mara nyingi kosa si la kibebeo. Mkosaji ni springi iliyo chini yake. Springi inayokaa imebanwa mwaka baada ya mwaka huchoka na kufupika. Ikichoka, ukanda hulegea, naye fundi hukaza skrubu zaidi. Hatimaye mizunguko ya springi hugusana na kuwa kama kipande kimoja cha chuma. Tangu hapo hakuna tena kitu cha kufyonza mshtuko. Kila uchafu unaobanwa kati ya ukanda na gurudumu, na kila ubao unaosukumwa kwa pupa, hupiga kibebeo moja kwa moja kama nyundo.

Sababu ya pili ni mazoea ya kuuacha ukanda ukiwa umekaza usiku kucha na hata wakati wa likizo. Mzigo wa zaidi ya gunia moja na nusu hauondoki eti kwa sababu karakana imefungwa. Aloi ya zinki hususan hunyooka na kupinda polepole ikikaa chini ya mzigo kwa muda mrefu, hata bila joto.

Sababu ya tatu hutokea hata kabla ya mashine kuwashwa. Wakati wa kuihamisha, wabebaji hupenda kuishika meza yake. Meza ya chuma huonekana imara, lakini hushikiliwa chini na vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga vinavyoiwezesha kuinama. Vipande hivyo vimeundwa kubeba mbao, si kubeba mashine nzima. Vikinyanyuliwa hivyo, au mashine ikilazwa ovyo kwenye mkokoteni, huvunjika.

Kwa hivyo, anayebadilisha kibebeo na kuirudisha springi ileile iliyochoka amenunua wiki chache tu. Springi mpya ni rahisi kupata kuliko kibebeo, na inafaa ibadilishwe hata kama inaonekana haijavunjika.

Kabla ya kufungua

Chomoa waya wa umeme ukutani. Kama mashine imeunganishwa moja kwa moja, zima swichi kuu, toa fyuzi na uitie mfukoni mwako. Kuzima swichi ya mashine pekee hakutoshi, kwa sababu mtu mwingine anaweza kuiwasha bila kujua kuna mikono ndani.

Legeza skrubu ya kukazia, kisha toa ukanda ukiwa umevaa glavu nene. Ukanda uliofunguliwa ghafla huruka kama nyoka.

Piga picha za kila upande kwa simu kabla ya kutoa nati ya kwanza. Picha hizo zitakukumbusha ni washa ipi ilikaa wapi, na hazina gharama.

Nati zilizoshikwa na kutu zipakwe mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi, na ziachwe usiku mzima. Usipige nyundo kwenye chuma cha kusubu. Kipuri kimoja kilichovunjika kinatosha. Kadhalika, fahamu kwamba katika baadhi ya mashine nati ya mojawapo ya magurudumu hufunguka kwa kuzungushwa kinyume na mazoea. Nati ikikataa kabisa, jaribu upande wa pili kwanza kabla ya kuongeza urefu wa spana.

Okota vipande vyote, hata vile vidogo kama punje ya mchele. Vipange mezani kama vilivyokuwa, upime kila kitu na uandike: upana, unene, kipenyo cha kila tundu na umbali kati ya matundu. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyotumiwa na yeyote atakayetengeneza kipuri kipya.

Sasa litazame lile pengo lenyewe. Ikiwa uso wake wote unang’aa, kipuri kilivunjika kwa pigo moja. Ikiwa sehemu yake ni nyeusi, yenye kutu au mafuta, basi ufa ulikuwapo kwa miezi kadhaa ukikua polepole bila kuonekana.

Kuna njia rahisi ya kutafuta nyufa nyingine zilizojificha. Safisha kipuri, kipake mafuta ya taa, kiache kwa dakika chache, kisha ukifute hadi kikauke. Kipake unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatajitokeza taratibu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Fanya hivyo pia kwa magurudumu yote mawili.

Ni chuma gani?

Swali hili ndilo huamua kila kitu, na ndilo huulizwa na wachache.

Anza na sumaku. Ikishika, kipuri ni cha chuma cha kusubu au cha feleji. Isiposhika, yamkini ni aloi ya zinki au aluminiamu. Aluminiamu ni nyepesi mkononi. Zinki ni nzito, uzito wake ukikaribia ule wa chuma.

Kama sumaku imeshika, tazama mahali palipovunjika. Chuma cha kusubu huvunjika bila kupinda, nacho huacha uso wa kijivu wenye chembechembe kama sukari guru iliyovunjwa. Kikipigwa tupa, huacha unga mweusi unaochafua vidole. Feleji hupinda kwanza kabla ya kukatika, na tupa huitoa vipande vinavyong’aa.

Tofauti hiyo inatokana na kaboni. Chuma cha kusubu huwa na kaboni ya kati ya asilimia 2 na 4, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo hukaa ndani yake kama vipande vyembamba vya grafiti, ile ile iliyo katika penseli. Vipande hivyo ni kama nyufa ndogo zilizozaliwa pamoja na chuma. Ndiyo maana chuma hicho hustahimili sana kukandamizwa, lakini kikivutwa au kupindwa hupasuka bila onyo. Feleji ya kawaida ina kaboni ya chini ya asilimia 0.3, na huonya kwa kupinda.

Njia nne za kukarabati

Njia ya kwanza ni kununua kipuri kipya. Usiidharau kabla ya kuuliza. Kwa miundo iliyoigwa sana kama ule wa inchi 14, vibebeo vya chuma cha kusubu vingali vinatengenezwa na kuuzwa ng’ambo, na mara nyingi ni imara kuliko vile vya zinki vilivyokuja na mashine. Beringi nazo ni rahisi zaidi, kwani vipimo vyake ni vya kimataifa. Beringi yenye nambari 6203, kwa mfano, ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje cha milimita 40 na unene wa milimita 12, haijalishi imetengenezwa nchi gani. Soma nambari iliyo ubavuni na uende nayo dukani.

Njia ya pili ni kuunganisha kile kilichovunjika. Hapa kuna masharti.

Aloi ya zinki isichomelewe. Huyeyuka kwenye nyuzi 380 hivi za Selsiasi, ilhali joto la umeme wa kuchomelea ni maelfu ya nyuzi. Kipuri hugeuka dimbwi kabla ya kuungana. Zaidi ya hayo, moshi wa zinki ukivutwa humletea fundi homa, kutetemeka na maumivu ya mwili usiku huo huo. Gundi kali nazo zinafaa kwa kifuniko kilichopasuka, si kwa kipuri kinachobeba mzigo.

Chuma cha kusubu kinaweza kuunganishwa, lakini si kwa vijiti vya kawaida. Vijiti hivyo huacha ukingo mgumu na mkavu kama kioo kando ya mshono, na hapo ndipo kipuri hupasuka tena. Vinavyofaa ni vijiti vya nikeli. Bei yake ni ghali, lakini kwa kipuri kimoja vinahitajika vichache tu.

Utaratibu wake ni huu. Kwanza toboa tundu dogo kwenye mwisho wa ufa ili usiendelee mbele. Chonga ufa uwe na umbo la V ili kijiti kifike hadi chini. Pasha kipuri kizima moto polepole ili oili iliyojificha ndani iungue. Chomelea vipande vifupi vya kama sentimita 2 na nusu kwa wakati, ukigongagonga kila mshono kwa nyundo ndogo ungali moto, na usubiri kabla ya kuendelea. Ukimaliza, fukia kipuri katika majivu makavu au mchanga uliopashwa moto, na ukiache hadi kesho yake. Ole wake atakayekimwagia maji ili kipoe haraka. Atasikia ule mlio wa kigae kwa mara ya pili.

Mbadala wake ni kuunganisha kwa shaba ya manjano kwa kutumia gesi. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 900 hivi, chini ya nyuzi 1,150 au zaidi zinazohitajika kuyeyusha chuma cha kusubu chenyewe. Kwa kuwa chuma hakiyeyuki, hakigeuki kuwa kigumu kando ya mshono. Muhimu ni usafi, unga wa boraksi, na eneo pana la kushikana.

Njia ya tatu ni kuunda kipuri kipya kwa feleji. Kwa kibebeo cha gurudumu la juu, hii mara nyingi ndiyo njia bora nchini, kwa sababu kila mji una mtu wa kukata na kuchomelea mabamba. Kile kilichomiminwa kama kipande kimoja kinaweza kuundwa kwa vipande vitatu au vinne vya bamba lenye unene usiopungua ule wa awali.

Kuna siri mbili. Kwanza, joto la kuchomelea huvuta na kupinda chuma, kwa hivyo shikiza vipande kwa nukta chache pande zote kabla ya kujaza mshono. Pili, matundu ya shafti na bawaba yatobolewe baada ya kuchomelea, si kabla. Anayetoboa mapema atakuta gurudumu limeinama, na ukanda utakuwa ukiruka kila anapowasha mashine. Kazi ya kutoboa tundu la shafti ipelekwe kwa mkereza chuma mwenye mashine, kwa maana keekee ya mkono haitalinyoosha.

Njia ya nne ni kusubu kipuri kipya kwa kutumia kile cha zamani kama kielelezo. Kipuri huunganishwa kwa gundi, hugandamizwa kwenye mchanga wenye unyevu, kisha chuma kilichoyeyushwa humiminwa katika nafasi kilichoacha. Wasiojua hushangaa kipuri kinapotoka kikiwa kidogo. Sababu ni kwamba chuma hunywea kinapopoa. Chuma cha kusubu hupungua kwa takriban sehemu 1 kwa 100. Kielelezo cha milimita 200 kitazaa kipuri cha milimita 198. Aluminiamu hunywea zaidi kidogo. Hivyo basi, kielelezo lazima kinenepeshwe, na sehemu zitakazokerezwa ziongezwe kama milimita 3.

Jihadhari pia na kubadilisha metali bila kubadilisha unene. Mafundi wetu wengi wa kusubu, kama wale wa Kariobangi jijini Nairobi, wamebobea katika aluminiamu chakavu. Aluminiamu inafaa kwa vifuniko na vishikio. Lakini ugumu wake dhidi ya kupinda ni kama thuluthi moja tu ya ule wa feleji. Kibebeo cha aluminiamu chenye umbo lile lile kitakuwa kikiyumba, na ukanda pamoja nacho.

Yasiyofaa kukarabatiwa

Gurudumu lenye ufa lisichomelewe na lisirudishwe. Gurudumu la inchi 14 huzunguka takriban mara 800 kwa dakika. Mshono mmoja huharibu mizani yake, na likipasuka likiwa katika kasi hiyo, kifuniko cha bati hakiwezi kulizuia. Fundi akikuambia kwamba lake alilichomelea na lingali linafanya kazi, mwambie ashukuru, lakini asikushawishi.

Vivyo hivyo kwa shafti iliyopasuka: hiyo hukerezwa upya kutoka kwa feleji nzima. Na ukanda wenye nyufa kati ya meno utupwe, kwani utakatika tu, iwe leo au kesho. Ukanda uliokatika mara moja pale penye kiungo chake, huku sehemu nyingine zikiwa nzima, unaweza kuungwa tena na fundi mwenye mashine ya kazi hiyo.

Kurudisha na kujaribu

Kibebeo kipya kipande na kushuka katika mfereji wake bila kukwama na bila kuchezacheza. Kipake grisi kidogo. Weka springi mpya. Kagua mpira unaovishwa gurudumu; kama umekauka na kupasuka, ubadilishe sasa maadamu mashine imefunguliwa.

Nyoosha uzi kutoka ukingo wa gurudumu la juu hadi wa lile la chini ili uone kama yamo katika mstari mmoja. Vaa ukanda, meno yakitazama chini pale yanapokata. Kaza polepole huku ukilizungusha gurudumu kwa mkono. Ukanda ukitembea kuelekea ukingoni, rekebisha mwinamo wa gurudumu hadi utulie katikati. Zungusha kwa mkono angalau mara 20 kabla ya kufikiria umeme.

Kisha funga milango yote ya mashine na urudishe vifuniko. Vaa miwani ya kukinga macho. Simama kando, si mbele ya ukanda, na uiwashe kwa sekunde chache tu, uizime, na usikilize. Mlio wa kugonga kwa mpigo wa gurudumu huashiria kitu hakijakaa sawa. Ikitulia, iache ikizunguka bila mbao kwa dakika 10, uizime, uchomoe umeme na ukague kipuri kwa mafuta ya taa na chaki kama awali. Rudia ukaguzi huo baada ya siku moja ya kazi na baada ya wiki moja.

Mambo haya si ya hiari. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi kuhakikisha sehemu hatari za mashine zimekingwa. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ambayo pia ni ya 2007, humbebesha mwajiri jukumu la kumfidia mfanyakazi anayejeruhiwa. Mwenye karakana aliyerudisha gurudumu lenye ufa ili kuokoa pesa anaweza kujikuta akilipa zaidi ya bei ya mashine nzima, na bado vidole vya kijana wa watu havitarudi.

Je, inafaa gharama?

Fanya hesabu kabla ya kuanza. Ikiwa kilichovunjika ni kibebeo, meza, springi au beringi, na kiunzi cha mashine ni kizima, basi ukarabati karibu daima ni nafuu kuliko kununua msumeno mpya. Mashine nyingi mpya za bei ya chini zina kiunzi cha bati lililokunjwa, ambacho hakina uzito wa kutuliza mtikisiko kama chuma cha kusubu cha zamani.

Lakini ikiwa kiunzi chenyewe kimepasuka, au magurudumu yote mawili yana nyufa, ikubali hasara. Uza vipuri vilivyo vizima kwa wenye mashine kama yako; kuna fundi mahali fulani anayevitafuta.

Baada ya yote hayo, kuna desturi moja isiyogharimu hata senti, ambayo ingeviokoa vibebeo vingi. Kila jioni, kabla ya kufunga karakana, legeza skrubu ya kukazia mizunguko michache. Andika kwa chaki kwenye mlango wa mashine kwamba ukanda umelegezwa, ili atakayefika kwanza asubuhi aukaze kabla ya kuiwasha.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa seremala mwenye msumeno wa miaka mingi, ufa huanza pale mzigo unapoachwa ukining’inia usiku kucha, huku mwenyewe amelala.